Mtoto ana jeni ya siliaki? Usitupe unga bado

Juzi dada mmoja aliyeko Dubai ameniandikia usiku wa manane. Majibu ya jeni ya mwanawe yametoka, DQ2, moja ya jeni za siliaki, ipo, naye keshatupa unga wote wa ngano. Siliaki ni maradhi ambayo gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. "Nimefanya vyema?" Hapana, dada yangu. Nakujibu kwa uchungu kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe.

Miaka 8 nilitibiwa upungufu wa damu. Vidonge vya madini ya chuma, dawa ya minyoo, dawa ya ameba, kisha chuma tena. Daktari mmoja, nami nimejikunja kwa tumbo mbele yake, aliniambia siliaki ni maradhi ya Wazungu, akaita mgonjwa mwingine. Neno lile halijanitoka mpaka leo. Natamani angejua kwamba watoto wa Kisahrawi, huko Sahara Magharibi, ni miongoni mwa wanaougua zaidi duniani.

Nilipohamia Uingereza nikaacha ngano, nikapata nafuu, nikajiona nimemaliza kazi. Nilipopimwa damu, kingamwili, yaani protini za kinga ambazo mwili wa mgonjwa huzitoa akila gluteni, hazikuonekana. Zingeonekanaje, na mwili haujaonja gluteni miezi 5? Ikabidi nirudie ngano wiki 6, zaidi ya mlo mmoja kila siku. Asubuhi nilikuwa nakaa chooni na kipande cha mkate mkononi, nalia kabla sijakiuma, maana nilijua kinachofuata. Ndipo kingamwili zikapanda, wakanipitisha kamera kooni, wakachukua vinyama vya utumbo mwembamba, jibu likapatikana.

Sasa hii jeni. Karibu wagonjwa wote wa siliaki wana DQ2 au jeni mwenzake, DQ8. Lakini kwa watu wenye asili ya Ulaya, 3 au 4 katika kila 10 wanazo, ilhali wanaougua ni kama 1 katika 100. Kuwa nayo si kuumwa. Hata mapacha wa kufanana, mmoja huweza kuugua na mwenziwe asiugue. Kipimo hicho kina nguvu pale kinaposema hakuna: ukizikosa zote mbili, siliaki karibu haiwezekani. Na kama ngano haikukubali ingawa huna siliaki, hakuna jeni ya kuthibitisha hilo. Usikubali kuuziwa kipimo chake.

Nilipompigia mama Mombasa kwa video kumwambia maradhi haya yana urithi, alikuwa anakanda unga wa mahamri. Mikono ikasimama ndani ya sinia. "Kwa hiyo ni mimi niliyekuuguza?" Nikamwambia huenda ni kwa baba, huenda ni kwao wote wawili, na hakuna aliyechagua. Alijifuta macho kwa kiwiko, unga ukabaki kwenye nyusi.

Mzazi, mtoto au ndugu wa mgonjwa, takriban 1 katika 10 huwa na siliaki pia. Nilisumbua nyumba nzima mpaka wakapima. Mdogo wangu, ambaye tumbo halijawahi kumuuma ila damu pungufu tangu shuleni, akakutwa nayo. Hilo najivunia, na wanaoniita msumbufu waendelee. Ndugu zangu, acheni kuficha maradhi ya ukoo kama deni! Semeni, mpime.

Nawe dada, nunua unga mwingine, mpikie mtoto chapati zake kama kawaida, kisha akapimwe kingamwili. Jibu la daktari ndilo litakaloamua kuhusu unga. Likitoka niandikie, hata iwe usiku.