Ukishuka Ribblehead, anza na treni ya kurudi

Kituo cha Ribblehead, katika milima ya North Yorkshire nchini Uingereza, kiko peke yake nyikani. Hakuna mji wala teksi za kusubiri abiria, na miti ya kukukinga upepo ni michache mno. Treni za kati ya Leeds na Carlisle hupita kila baada ya saa mbili hivi, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo usipange matembezi kwanza. Angalia treni utakayorudi nayo na ile inayofuata endapo utaikosa, ndipo uamue utatembea umbali gani. Tiketi ya kwenda na kurudi ikate kabla ya kupanda, na ratiba iandike kwenye karatasi au uipige picha, maana mtandao wa simu bondeni si wa kutegemea.

Kutoka Leeds ni kama saa moja na robo. Kaa upande wa kushoto. Mkishapita kituo cha Horton, mlima Ingleborough wenye mita 723 utakuwa dirishani kwako. Pen-y-ghent, wenye mita 694, uko kulia. Usishawishike kubaki ndani ya treni ili uone daraja maarufu la reli. Ukiwa juu yake unaona bonde tu, daraja lenyewe huwezi kuliona. Shuka kituoni, kwa sababu daraja liko mbele kidogo upande wa kaskazini.

Kituo kilifungwa mwaka 1970, kikafunguliwa tena mwaka 1986. Jukwaa la treni za kwenda Carlisle lilikuwa limebomolewa ili kupisha reli za machimbo ya mawe, na jipya halikupatikana hadi 1993. Jambo la kukumbuka jioni ni kwamba treni ya kurudi mji wa Settle na Leeds husimama upande wa jengo la zamani la mawe.

Toka kituoni, teremka hadi barabarani, pita baa ya Station Inn, kisha fuata njia ya changarawe. Kwa mwendo wa taratibu ni robo saa. Daraja lina matao 24, urefu wa mita 400 na kimo cha mita 32. Lilijengwa kati ya 1870 na 1874. Simama chini yake uhesabu nguzo: kila ya sita ni nene kuliko wenzake. Wahandisi walikusudia kwamba nguzo moja ikianguka, maporomoko yakome kwenye ile nene badala ya kubeba daraja zima. Ardhi hapa ni tope la mboji, hivyo misingi ilibidi ichimbwe hadi kwenye mwamba.

Uwanja ule wa nyasi ulio tupu ulikuwa makazi ya mamia ya vibarua na familia zao, katika vibanda vya mbao. Ajali na ndui viliua wengi. Takriban watu 200 walizikwa kwenye kanisa dogo la St Leonard huko Chapel-le-Dale, kama kilomita tatu kwa miguu. Ukiwa na saa nne mkononi, nenda huko hata kama utaacha kupanda mlima. Daraja halieleweki vizuri mpaka umesimama kwenye makaburi hayo.

Wapiga picha hukosea saa. Asubuhi jua huangaza upande wa barabara, na ukisimama huko unaupata mlima Whernside nyuma ya matao. Alasiri hamia upande wa pili. Treni uliyoshukia itavuka kabla hujafika, kwa hiyo isubiri inayotoka Carlisle. Tangu 1985 juu ya daraja kuna njia moja tu ya reli, na treni hupita polepole, kama kilomita 48 kwa saa. Muda wa kupiga picha unatosha. Usipande kamwe kwenye reli.

Whernside, wenye mita 736, unahitaji saa nne hadi tano kwa mzunguko wa kilomita 13 hivi. Fuata njia iliyo kando ya reli kuelekea kaskazini, pita kibanda cha ishara cha Blea Moor, kisha vuka kwa daraja linalopita juu ya reli, pale ambapo kijito kimepitishwa kwenye mfereji wa mawe. Karibu na hapo reli inazama ndani ya handaki lenye urefu wa mita 2,404. Kupanda ni kwa taratibu. Taabu iko kwenye kushuka kuelekea kitongoji cha Bruntscar, ambako njia ya mawe ina mwinuko mkali na huteleza mvua ikinyesha. Wengi huchelewa hapo kwa sababu wamehesabu kwamba kushuka ni haraka. Ongeza dakika 40, halafu rudi kupitia mashambani hadi chini ya daraja, ukifunga kila geti ulilofungua ili kondoo wasitoke.

Vaa viatu vyenye meno, beba koti la mvua na sweta hata mwezi wa Julai. Beba maji na chakula pia, kwani baa inaweza kuwa imefungwa. Mwezi wa Desemba giza huanza kuingia kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo kama hujaanza kupanda Whernside kufikia saa nne asubuhi, ishia darajani na kanisani.