Maswali ya Wasomaji: Nakala Nyingi za Faili Moja

SWALI: Mheshimiwa mhariri, mimi na mwenzangu tunatunza seva tatu za kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na ofisi yetu iko hapa Kilindini. Wateja hutuma hati zao za shehena kupitia tovuti inayoendeshwa na nginx, programu ya kuhudumia tovuti. Wiki mbili zilizopita walianza kulalamika kuwa hati zinakataliwa kwa kosa nambari 413, yaani faili limezidi ukubwa unaoruhusiwa. Nikafungua faili la mipangilio liitwalo «wateja» katika folda ya sites-enabled, nikaongeza mstari wa client_max_body_size 20m, unaoruhusu hadi megabaiti 20, nikaiamuru nginx isome mipangilio upya, na bado hali ikawa ile ile. Kabla ya kugusa faili lolote huwa tunatoa nakala yake papo hapo, kwa hiyo folda hiyo ilikuwa na «nakala-wateja», «wateja.zamani» na «wateja.usiguse», wala hakuna kati yetu aliyekumbuka lipi lilitengenezwa lini. Mwenzangu alipofuta nakala hizo tovuti ilitengemaa, lakini hatujui kwa nini. Tumesikia kuwa Git inaweza kutusaidia. Tuanzie wapi?
Msomaji, Kilindini, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hilo lililokutatiza, kwa sababu ndani yake mna hoja kubwa kuliko zote dhidi ya nakala za namna hiyo. Katika Debian na Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, faili kuu la nginx huagiza lisomwe kila faili lililomo katika folda ya sites-enabled, jina lake liishie vyovyote. Maana yake ni kwamba «nakala-wateja» haikuwa akiba iliyowekwa kando, bali ilikuwa ikisomwa kila siku kama mipangilio halali, na kwa kuwa mafaili husomwa kwa kufuata alfabeti, herufi n iliitangulia w. Nginx ikikuta mafaili mawili yanayodai jina moja la tovuti kwenye poti moja, hulishika la kwanza na kulipuuza la pili. Hilo la kwanza halikuwa na mstari wako, na mahali ambapo mstari huo haupo kikomo huwa megabaiti 1 tu, kwa hiyo hati ndefu iliyopigwa skani ilirudishwa hata kama wewe ulikuwa umeandika 20. Amri ya nginx -t ingekuonya kuwa majina yanagongana, ila onyo hilo hufuatwa na maneno kwamba jaribio limefaulu, na mtu aliyechoka husoma mstari wa mwisho peke yake.

Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili, inakuondolea haja ya kuacha nakala hata moja katika folda hizo. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya kiini cha Linux, lakini inashughulikia faili lolote la maandishi, na karibu kila kilichomo katika /etc, folda ya mipangilio ya seva, ni maandishi. Faili linabaki moja, kwa jina moja, na historia yake yote inahifadhiwa pembeni, mahali ambapo nginx haifiki.

Hata hivyo, nakuomba usikimbilie kuandika git init, amri ya kuanzisha historia, ndani ya /etc. Git hukumbuka yaliyomo katika faili, na hukumbuka kama faili linaweza kuendeshwa kama programu, lakini haikumbuki mmiliki wake wala ruhusa nyingine. Faili la shadow, ambalo lina alama za nywila za watumiaji wote, likirejeshwa bila uangalifu linaweza kusomeka na kila aingiaye. Tumia etckeeper, programu iliyoandikwa na Joey Hess kwa kazi hii hasa. Hiyo huandika umiliki na ruhusa katika faili lake, huifunga historia ili isomwe na root, yaani msimamizi mkuu wa seva, peke yake, na huweka rekodi kabla na baada ya apt, programu ya kusakinisha programu nyingine, kusakinisha kitu. Katika Debian na Ubuntu, amri ya apt install etckeeper inatosha kuanzia.

Hapo ndipo wengi hukomea, nami nasikitika kila ninapokuta seva ya namna hiyo. Mabadiliko uliyofanya kwa mkono bila kuyarekodi hayapotei, kwani etckeeper huyakusanya siku hiyo hiyo au apt inapofuata, lakini huyawekea maelezo ya mashine yanayosema tu kwamba mabadiliko ambayo hayakuwa yamerekodiwa yamehifadhiwa. Miezi sita baadaye utajua siku na utauona mstari, ila sababu hutaipata. Kwa hiyo, kila mnapomaliza kuhariri, andikeni etckeeper commit na maelezo yenu. «Nimebadilisha nginx» si maelezo, kwa sababu hilo faili lenyewe linalionyesha. Andika hivi: «Kikomo cha kupakia kimepandishwa hadi 20m kwa kuwa hati za shehena zenye kurasa nyingi zinakataliwa kwa kosa 413, kisishushwe bila kuwauliza watu wa nyaraka.» Mwenzako akiisoma saa nane za usiku hatahitaji kukupigia simu.

Kila mmoja wenu aingie kwa akaunti yake na atumie sudo, amri inayompa mamlaka ya root kwa kazi moja, maana etckeeper hutazama ni nani aliyeita sudo na kulitia jina lake katika rekodi. Mkiingia nyote kama root, historia nzima itasema root, na lile swali la nani aligusa litabaki palepale.

Siku ya kurudi nyuma, ingia /etc, tazama git log ya faili husika, kisha git diff ili ujue hasa unachokirudisha, halafu git checkout pamoja na namba ya rekodi na njia ya faili hilo moja. Kumbuka kwamba katika sites-enabled kwa kawaida mna viungo tu, na faili lenyewe limo katika sites-available, basi historia yake itafute huko. Git haiigusi programu inayoendelea kufanya kazi, kwa hiyo endesha nginx -t, usome kila mstari, ndipo uamuru mipangilio isomwe upya. Kwa ssh, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, tumia sshd -t, na usifunge dirisha ulilokwisha kuingilia mpaka uthibitishe kwamba dirisha jipya linakubaliwa.

Nakala ya historia hiyo ipelekeni kwa njia ya ssh kwenye mashine nyingine iliyo mikononi mwenu. Msiipeleke kwenye huduma ya mtandaoni ya watu wengine, hata ile inayoahidi faragha, kwa sababu /etc ina funguo za siri za seva pamoja na hizo alama za nywila.

SWALI: Ninajifunza kazi ya seva. Niliandika nywila ya hifadhidata ndani ya faili la mipangilio, nikaliingiza katika Git na kulipeleka kwenye akaunti yangu iliyo wazi mtandaoni. Siku ya pili nikaifuta na kurekodi upya. Je, niko salama?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Hapana, mwanangu. Uliifuta katika toleo la leo tu, na yeyote atakayefungua rekodi ya jana ataiona ilivyo. Badilisha nywila yenyewe katika hifadhidata leo hii, kabla ya kushughulikia historia, kwa sababu huwezi kujua ni nani ameshaichukua. Kisha hamishia nywila mpya kwenye faili la pekee linalosomwa na programu hiyo tu, na jina la faili hilo uliandike katika .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git huyapuuza. Kama faili hilo liliwahi kuingizwa katika Git, .gitignore peke yake haitalitoa. Endesha kwanza git rm --cached, ambayo huliondoa katika ufuatiliaji na kuliacha kwenye diski, halafu uweke rekodi mpya.