Namba za bidhaa kwenye Access zinaruka, nilivyozinyoosha

Mkuu umesema kwenye Access (programu ya Microsoft ya kutunza data kwenye matebo) umetoka bidhaa namba 41 ukajikuta 44, na unataka ziende mfululizo zenyewe bila mtu kuandika. Mimi haya yalinikuta kwenye stoo ya spea za magari, bosi kashika printi na kalamu nyekundu, kazungushia 117 na 118 hazipo, ananiuliza "kijana hizi filta mbili umempa nani?" Nilieleza mpaka mate yakakauka.

Tatizo AutoNumber, ile fildi ambayo Access inaijaza namba yenyewe, haikutengenezwa kuhesabu, kazi yake ni kutofautisha rekodi basi. Ukigusa herufi moja tu kwenye rekodi mpya namba imeshaliwa, ukibonyeza Esc ndo imeenda hiyo. Iache ibaki ya ndani huko, mtu asiione, halafu tengeneza fildi nyingine ya Number, mimi niliiita NambaBidhaa.

Kwanza nilijifanya mjanja nikatumia DCount, inayohesabu rekodi zilizopo, nikajumlisha moja. Usithubutu! Una bidhaa 200, umefuta namba 50, zimebaki 199, inayofuata inakuja 200 ambayo tayari ipo. Tumia DMax, inayoleta namba kubwa kuliko zote, kwenye Before Update ya fomu, yaani kodi inayofanya kazi kabla tu rekodi haijasevuliwa ("Bidhaa" ni jina la tebo):

If Me.NewRecord Then
Me.NambaBidhaa = Nz(DMax("NambaBidhaa", "Bidhaa"), 0) + 1
End If

Hiyo Nz ni kwa ajili ya siku ya kwanza tebo ikiwa tupu, DMax inarudisha Null, yaani hakuna kitu, na Null ukijumlisha moja inabaki Null; Nz inaigeuza kuwa 0. Na mstari wa NewRecord usiuruke kama mimi, nilikuwa narekebisha bei ya plagi nikisevu namba inabadilika, nikadhani kompyuta ina virusi.

Kuna watu watakwambia weka DMax kwenye Default Value, yaani namba inajazwa pale tu unapofungua rekodi mpya, inafanya kazi ukiwa peke yako. Sisi tulikuwa wawili, mimi stoo na dada wa kaunta, wote tumefungua fomu mpya wote tunaona 231. Kwenye Before Update namba inachukuliwa dakika ya mwisho kabisa, ila bado mnaweza kugongana kwa bahati mbaya, kwa hiyo fildi iweke Indexed: Yes (No Duplicates), atakayechelewa anakataliwa, akisevu tena anapata inayofuata.

Ukifuta bidhaa ya mwisho kabisa namba yake itapewa nyingine, ndo maana sisi tuliacha kufuta, tukaweka kiboksi cha "haiuzwi" unatiki tu.

Halafu kama unataka zile namba zenye herufi mbele kama FLT-0009 usihifadhi hivyo kwenye tebo, maana ukisahau sifuri, kwa maandishi FLT-9 ni kubwa kuliko FLT-10 na DMax itaganda kwenye FLT-9, inayofuata itakuja 10 kila siku. Hifadhi 9 kavu, FLT weka fildi yake, kwenye ripoti unaziunganisha na Format(NambaBidhaa, "0000").