Moshi wa jenereta hautoshi kupasha chuma

SWALI: Nina karakana ya kufua vipuri vya chuma Chang'ombe, Dar es Salaam. Nataka kufunga jenereta la gesi asilia la kilowati 1,000 ili liendeshe tanuri la induksheni (linalopasha chuma kwa sumaku ya koili ya umeme) la kilowati 1,000. Muuzaji ananihakikishia kuwa moshi wa injini nao utapasha chuma, hivyo gharama ya gesi itapungua kwa nusu. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, na hadithi hii ya moshi wa bure nimeletewa mara nyingi mno. Chuma cha kufua huhitaji nyuzijoto 1,100 hadi 1,250 za Selisiasi, ilhali moshi wa injini ya gesi hutoka ukiwa na nyuzi 400 hadi 500 hivi. Joto huenda penye baridi zaidi, na hakuna bomba wala feni itakayoligeuza. Moshi huo waweza kukifikisha chuma kwenye nyuzi 300 kabla hakijaingia kwenye koili, yaani takribani sehemu moja ya sita ya kazi nzima, tena pale tu karakana inapofanya kazi mfululizo. Maji ya kupoza injini, yenye nyuzi 90 hivi, yafaa kuoshea vipuri.

Muuzaji hakukueleza kwamba meta moja ya ujazo ya gesi ina nishati ya takribani uniti 10, na kwamba injini nzuri huitolea uniti 4 za umeme, ambazo nazo hupungua kwenye koili hata zikaingia ndani ya chuma uniti mbili na nusu. Tanuri linalochoma gesi moja kwa moja, likipasha hewa yake kwa moshi wake lenyewe na likitunzwa, huweza kuingiza uniti 4. Induksheni ina sifa zake, hasa wepesi na magamba machache juu ya chuma, lakini kubana gesi si mojawapo.

Jenereta linalolingana na tanuri kilowati kwa kilowati nalo ni kosa, kwa kuwa injini ya gesi haipendi kutwishwa mzigo wote ghafla, na mitambo ya induksheni huchafua wimbi la umeme na kuchemsha nyaya za jenereta.

Wabaya zaidi ni wanaogeuza injini kuukuu za dizeli zitumie gesi bila kupunguza mgandamizo wake: injini hugonga, yaani gesi hujilipukia yenyewe ndani ya silinda, na pistoni hutoboka. Yeyote anayekuuzia mtambo, mtake aandike katika mkataba meta za ujazo za gesi kwa kila tani ya chuma kilichopashwa, na malipo ya mwisho yasubiri kipimo hicho kifanyike karakanani kwako.