Misri na Kanaani ni jirani, sasa ile miaka 40 ilienda wapi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Nimefungua ramani kwenye simu nimeona Misri na Israeli zimepakana kabisa. Hawa wana wa Israeli walipita wapi mpaka wakatumia miaka 40? Au walipotea njia?

JIBU: Amina binti yangu. Hawakupotea, na umbali wala haukuwa tatizo. Njia fupi ilikuwepo, ile ya pwani kwenda Gaza, jeshi la Farao Thutmose wa 3 liliimaliza kwa kama siku 10 tu, habari zake zimechongwa ukutani kule Karnak, kwenye hekalu la kale la Misri. Ila ilikuwa barabara ya jeshi, imejaa ngome za Wamisri, na Kutoka 13:17 inasema Mungu hakuwapitisha huko ijapokuwa ni karibu, wasije wakaona vita wakageuza kurudi Misri.

Kwa hiyo wakashika njia ya jangwani. Ramesesi walipoanzia ni pale Qantir, mashariki mwa Delta ya Nile, Sukothi wengi wanaiweka Tell el-Maskhuta kwenye bonde la Tumilat. Walipovukia bahari ndo wataalamu wanabishana mpaka leo, kwa sababu Kiebrania kinasema Yam Suf, na wengi wanaitafsiri bahari ya matete, wakaipeleka kwenye maziwa yale unapopita mfereji wa Suez siku hizi. Lakini 1 Wafalme 9:26 inatumia jina hilohilo kwa bahari ya Esion-geberi, yaani ghuba ya Aqaba, upande wa pili wa Sinai! Hivyo ule mstari mwekundu kwenye ramani za nyuma ya Biblia usiuchukulie kama barabara ya lami.

Mimi huwa nafuata maji. Kituo kinachoitwa Mara kilikuwa na maji machungu, kile cha Elimu chemchemi 12 na mitende 70, kile cha Refidimu hakuna maji watu wakagombana na Musa. Msafara wenye watoto na mifugo hauwezi kukaa mbali na kisima, ndo maana Kadesh-barnea, kambi yao karibu na Kanaani, wengi wanaitafuta Ain el-Qudeirat, kaskazini mashariki mwa Sinai, kuna chemchemi kubwa haswa.

Sasa twende kwenye hesabu zako. Kumbukumbu 1:2 inasema Horebu, yaani mlima Sinai, mpaka Kadesh-barnea ni siku 11. Tukichukua Jebel Musa kuwa ndio Horebu, kama mapokeo ya zamani yanavyosema, mpaka Ain el-Qudeirat ni kama kilomita 240 ukinyoosha, gawa kwa 11 unapata 22 hivi kwa siku, mwendo wa mguu kabisa. Mlimani walikaa karibu mwaka, walifika mwezi wa 3 (Kutoka 19:1) wakaondoka mwaka wa 2 mwezi wa 2 tarehe 20 (Hesabu 10:11). Yaani mwaka wa 2 tu wangeweza kuwa wameshaingia Kanaani!

Kilichowakwamisha ni ile ripoti ya wapelelezi waliotumwa Kanaani, watu wakaogopa kuingia, Hesabu 14, siku 40 za upelelezi zikageuzwa miaka 40. Wakakaa Kadeshi siku nyingi, wakazunguka mlima Seiri, mfalme wa Edomu nae akawanyima njia kuu ya mfalme ikabidi wamzunguke. Siku wanavuka kijito cha Zeredi, ambacho leo wengi wanasema ni Wadi al-Hasa huko Jordan, Musa anahesabu tangu Kadesh-barnea: miaka 38 (Kumbukumbu 2:14). Pima kwenye hiyo simu yako, haifiki hata kilomita 150.