Waulize Wazamiaji: siku za maji mafu, maski inayovuja na hewa ya mtungini

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza usalama kuliko uzuri wa samaki. Tumezijibu kwa urefu unaotofautiana. Yenye hatari zaidi tumeipa nafasi zaidi.

Sisi ni walimu wa hapa Mtwara mjini. Tunapenda kwenda Msimbati na familia kuangalia samaki kwa maski. Mara tunakuta maji yametoka tunatembea juu ya mawe, mara mkondo unatuvuta, mara maji yana rangi ya chai hatuoni chochote. Tuchague siku gani?

Walimu wetu, mnapanga safari kwa Jumamosi na sikukuu, nayo bahari inafuata mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa karibu na saa nne asubuhi. Ndiyo maana mnawaona wachokoa pweza miambani asubuhi za bamvua. Kwao ni wakati wa kazi. Familia inayoshuka garini saa nne siku hiyo inakuta mwamba mkavu, na ikisubiri maji yarudi inakutana na mkondo wenye nguvu, kwa sababu tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita 3.

Maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, ndiyo siku zenu. Huangukia takriban tarehe 8 hadi 10 ya mwezi wa Kiislamu, kisha tena 22 hadi 24. Hapo maji hujaa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, jua likiwa juu na mwanga ukifika chini, na mkondo ni dhaifu. Kila siku wakati wa kujaa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50, kwa hiyo mkijua saa ya leo mnaweza kukisia ya kesho. Bado hakikisheni kwa jedwali la maji, au kwa mvuvi wa palepale, ambaye mara nyingi yuko sahihi kabisa.

Ndani ya saa sita za kujaa, maji hayaji kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, kisha mbili, kisha moja. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazovuta watu. Ingieni saa moja kabla ya maji kujaa kabisa, tokeni yanapoanza tu kurudi. Kwa Msimbati na ufukwe jirani wa Ruvula hili lina uzito wa pekee, maana maji ya ghuba nzima hutoka kwa njia chache, na kwenye mikondo hiyo hata muogeleaji mzuri mwenye mapezi ya miguuni hashindani nayo. Ukivutwa, usiogelee kuukabili mkondo. Kata upande, ukielekea kwenye maji mafupi, na ukichoka lala chali, inua mkono mmoja. Mtu mmoja abaki ufukweni au chomboni, kazi yake iwe kuhesabu vichwa tu.

Sasa rangi ya chai. Hayo ni matope ya Mto Ruvuma, ambayo huja wakati wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Wasomaji wa Lindi mjini wana tatizo hilohilo kutoka Mto Lukuledi. Kusi nayo, ikivuma kwa nguvu Juni na Julai, huchafua maji ya nje ya mwamba na kuinua mawimbi, ingawa asubuhi mapema huwa nafuu. Tukiambiwa tuchague miezi miwili tu katika mwaka, tungechagua Oktoba na Novemba: kusi imelegea, kaskazi haijashika, mvua hazijaanza kweli, na nyangumi wanaorudi kusini wanaweza kuonekana mkiwa chomboni.

Eneo la Msimbati limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi. Lipeni kiingilio, chukueni risiti, na mumuulize askari wa hifadhi hali ya maji ya siku hiyo.

Mimi ni mama wa Lindi, navaa hijabu. Maski yangu inajaa ukungu dakika ya kwanza na inavuja juu ya paji la uso. Nikikaza mkanda inavuja zaidi. Tena nakosa nguo ya stara ya kuogelea nayo.

Dada yetu, kuvuja kwako karibu hakika kunatokana na mtandio. Ukingo wa maski unashika kwa kugusana na ngozi tupu. Uzi mmoja wa kitambaa au nywele kadhaa zikipita chini yake, maji yana njia. Vaa maski kwanza juu ya ngozi, kisha kofia ya kitambaa kinachonyumbulika, ile inayofunika masikio na shingo, uivute mpaka iguse ukingo wa maski kwa nje bila kuingia chini yake. Mkanda upite juu ya kofia, usawa wa sehemu pana ya kisogo. Kukaza hakusaidii, kwa sababu mpira ukivutwa sana hujikunja na kufungua mwanya. Akina baba wenye masharubu wanapata tabu hiyohiyo chini ya pua; mafuta mazito kidogo ya mgando juu ya masharubu hupunguza.

Kabla ya kununua maski, iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeshika mpaka utoe pumzi, ni yako. Ikianguka, rudisha, hata kama ni ya bei kubwa.

Ukungu wa maski mpya ni utando wa kiwandani uliobaki kwenye kioo. Chukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ile ya jeli, sugua kioo kwa ndani kwa kidole dakika moja hivi, suuza, rudia mara mbili au tatu. Baada ya hapo, kila unapoingia majini tema mate ndani ya kioo kikavu, yasambaze, suuza mara moja tu na uvae papo hapo. Pia usitoe pumzi kwa pua. Inaleta joto kwenye kioo na kuinua ukingo.

Kuhusu nguo, acha dera na buibui nyumbani. Kitambaa kile hunywa maji, huwa kizito na hujizungusha kwenye mapezi. Suti ya stara ya kitambaa cha kuogelea, suruali na gauni fupi lililofungwa kiunoni, inafaa, na inakulinda na jua na konyeza kuliko anayevaa nguo chache.

Niko Mikindani, nina miaka 19, nachokoa pweza. Nimepata bomba la plastiki la mita mbili, nataka nilifanye mrija wa kupumulia nikiwa chini. Pia wenzangu wananifundisha kuvuta pumzi haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama ili nikae zaidi. Ni sawa?

Mdogo wetu, yote mawili yanaua, na tunaomba uwasomee wenzako jibu hili.

Tuanze na bomba. Katika kina cha mita 1, maji yanasukuma kifua chako, tuseme eneo la sentimita 30 kwa 30, kwa uzito wa kilo 90 hivi. Hewa iliyo mdomoni mwako kupitia bomba ni ya juu, haina presha hiyo. Misuli ya kifua haiwezi kuinua kilo 90 kwa kila pumzi. Halafu hesabu hewa iliyomo bombani: bomba la mita 2 lenye uwazi wa sentimita 2.5 linabeba karibu lita 1. Pumzi ya kawaida ni kama nusu lita. Maana yake unachotoa hakifiki juu kabisa, unakivuta tena na tena, hewa ukaa inapanda mpaka unazimia. Mrija wa dukani una sentimita 35 hadi 40 kwa sababu hiyo. Usiuongeze.

Kuvuta pumzi haraka kuna udanganyifu mkubwa zaidi. Hakukuongezei oksijeni ya maana, kwani damu ya mtu mzima mwenye afya tayari imeshiba. Kunachofanya ni kufukuza hewa ukaa, na hiyo ndiyo inayoupa mwili amri ya kutamani kupumua. Ukiwa chini, oksijeni inapungua na wewe hujisikii shida yoyote. Unapoanza kupanda, presha inashuka, oksijeni iliyobaki inapoteza nguvu yake kwa ghafla, na mtu anazimika mita chache kabla ya kufika juu. Hapigi kelele, hapapariki. Wenzake hudhani bado anatafuta pweza.

Pumua taratibu kama ulivyo kawaida, vuta pumzi moja ya kutosha, zama. Ukirudi, pumzika juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Na mzame wawili kwa zamu: mmoja chini, mmoja juu anamwangalia bila kuondoa macho, hasa nusu dakika baada ya kupanda, maana wengine huzimika wakiwa tayari wamevuta hewa. Aliyezimika mtoe uso juu ya maji, vua maski, na asipopumua anza kumpulizia mdomoni palepale, kabla ya kufika mchangani.

Nafanya kazi Newala, nataka kujifunza kuzamia kwa mtungi. Kozi ikoje, mtungi mmoja unadumu muda gani, na naweza kurudi Newala siku hiyohiyo?

Kozi ya mwanzo huchukua siku 3 hadi 4. Utaogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10, utajifunza kwenye maji mafupi, kisha uzame mara nne baharini. Cheti hicho kinakuruhusu mpaka mita 18. Watakupa fomu ya afya. Pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo na ujauzito visifichwe. Na mwenye mafua asizame, hata kama amelipa. Masikio yasipofunguka kwa kubana pua na kusukuma hewa polepole, kiwambo kinaweza kupasuka. Anza kuyafungua tangu mita ya kwanza, usisubiri maumivu.

Mtungi wa alumini ulio wa kawaida una lita 11, ukijazwa ba 200 (ba ni kipimo cha presha) unapata lita 2,200 za hewa. Mzamiaji mgeni hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Katika mita 10 presha ni mara mbili, basi ni lita 40. Ukiacha ba 50 za akiba unapata dakika 40 hivi. Katika mita 18 zinashuka kuwa kama dakika 30. Ndiyo sababu tunasisitiza uangalie geji ya presha kabla hujakumbushwa. Kupanda kusizidi mita 9 kwa dakika, usimame mita 5 kwa dakika 3, na usizuie pumzi kamwe, kwa kuwa hewa ya mapafuni inayotoka mita 10 hadi juu hujitanua mara mbili.

Kurudi Newala siku hiyohiyo, hapana. Swali hili wengi hawaulizi kwa sababu wameambiwa habari za ndege tu. Kwa mzamiaji, kupanda zaidi ya mita 300 kwa gari ni kama kuruka: presha ya hewa inapungua na naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inaweza kutoa mapovu. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600, na Songea ni juu zaidi. Subiri saa 12 baada ya kuzama mara moja, saa 18 ukizama mara kadhaa au siku mfululizo. Ndege ya Dar es Salaam ni hivyohivyo. Basi la barabara ya pwani halina shida.

Nimekanyaga wale wa miiba mirefu myeusi. Nifanyeje?

Chovya mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, dakika 30 hadi 90, ukiyapima kwanza kwa mguu usioumia. Toa miiba inayoshikika, usichimbe iliyozama. Nyenga na samaki anayejifananisha na jiwe hutibiwa kwa maji hayohayo, lakini kwao nenda hospitali.

Mimi ni mzee wa Kilwa. Kijana wangu anazamia siku nzima kwa mpira wa kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa. Jioni bega na kiwiko vinamuuma, juzi miguu ilikufa ganzi. Wenzake wanamwambia azame tena yatapungua. Tumemkanda kwa mafuta.

Mzee wetu, shikamoo. Hayo si uchovu. Ni ugonjwa wa wazamiaji: naitrojeni imegeuka mapovu kwenye viungo, na ganzi ya miguu inaonyesha kuwa imegusa uti wa mgongo. Maumivu hupungua akizama tena kwa sababu presha inayabana mapovu, kisha anapanda na naitrojeni nyingi zaidi kuliko mwanzo. Hapo ndipo vijana hupooza.

Akipata dalili, alale chali, apewe oksijeni tupu kwa maski isiyovuja, anywe maji kama ana fahamu na anameza vizuri, asikandwe. Apelekwe hospitali yenye oksijeni hata kama dalili zimepoa, na mwambieni daktari neno hili: amezamia kwa kompresa, kina fulani, saa fulani. Bila hilo atatibiwa malaria au baridi yabisi. Daktari ndiye wa kuulizia chemba ya presha iliyo karibu. Kwa ganzi ya juzi, aende leo, na aombewe pia eksirei ya bega na nyonga, maana kichwa cha mfupa huweza kufa polepole bila kelele.

Kompresa yenyewe ikaguliwe. Ikiwa mdomo wa kuvutia hewa uko karibu na moshi wa injini, anapumua kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na madhara yake huongezeka kadiri anavyoshuka. Kichwa kumuuma na kichefuchefu akiwa chini ndiyo dalili. Mpaka daktari amruhusu, mpira huo usiingie mdomoni mwake.