Jibu: Nafika Leipzig Oktoba, nianzie wapi?

Hongera sana, mdogo wangu. Umeuliza uanzie wapi ukifika Leipzig, huku Ujerumani: anza na anwani. Ukishahamia chumbani una wiki 2 tu za kujiandikisha manispaa, na lazima uwe na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Wa kwangu alinizungusha siku 9, roho juu juu. Idai siku hiyohiyo unayokabidhiwa funguo.

Jumapili maduka karibu yote hufungwa, kwa hiyo mchele na mafuta nunua Jumamosi. Koti zito tafuta la mtumba hukohuko.

Desemba giza huingia saa kumi jioni, na hapo ndipo upweke unapobana. Usijifungie, tafadhali. Pika ugali, gonga mlango wa jirani, mle pamoja.